Makosa Mia Mbili na Kumi na Mawili

Naapa kwa reli ya kati, kwa kila taruma lililolazwa kati ya hapa na Itigi, kwamba yote nitakayoyaandika humu ni kweli tupu. Hata yale yaliyotokea nikiwa sipo ni kweli. Hayo ndiyo nimeyatunza zaidi, maana sikupata nafasi ya kuyaharibu kwa macho yangu. Nilikusanya tiketi kwenye mlango wa kituo cha Tabora miaka ishirini na tisa. Mtu aliyesimama mlangoni muda wote huo akisikiliza visingizio vya abiria huujua ukweli kwa harufu.

Nyumba ninayotaka kuisema iko hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, na siku zile ilitenganishwa na yangu kwa ua wa mabua tu. Alikaa humo Lukumani, fundi saa aliyegeuka kuwa mtunza mashine. Mkewe Batuli, mshona nguo. Binti yao Tatu, wakati huo bado wa kubebwa mgongoni. Na katika chumba cha uani, mama yake Batuli, Bi Mwanamkuu, aliyekuja kutibiwa macho kutoka kijiji kipya upande wa Goweko. Ulikuwa mwaka wa vijiji, sabini na nne. Watu kule walikuwa wameshahamia pamoja, msingi wa shule umechimbwa, bendera imesimama. Maji tu ndiyo yaliyokuwa hayajahamia. Wanawake walifukua mchanga wa mto mkavu kwa kibuyu, na ndoo moja ilimaliza asubuhi.

Serikali ilileta mtambo wa kuchimba visima. Ungechimba shimo moja tu kwa kijiji kile, na Jumamosi ungeondoka kwenda Igunga. Wapimaji walikuwa wamepitisha umeme ardhini katika sehemu tatu na kuandika namba zao. Kilichobaki ni hesabu ya kusema maji yamelala chini ya sehemu ipi, na hesabu hiyo ilikuwa kazi ya mashine ya Lukumani.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta kuukuu, imestaafishwa Ulaya ikaletwa kwetu kuanza maisha upya katika ofisi moja ya utafiti. Ilikuwa kubwa kama behewa la daraja la pili. Ilipowashwa, taa za mtaa mzima zilikonyeza, na kuku wa jirani waliingia bandani kulala saa nne asubuhi. Lukumani aliajiriwa kwa sababu siku kilipokwama kisoma kadi chake, wataalamu watatu walitazamana, na yeye aliyeitwa kurekebisha saa ya ukutani akachomoa kibano cha mfukoni, akatoa mende. Lugha ya mashine alijifunza baadaye kwenye kitabu chake, ukurasa kwa ukurasa, kama mtoto wa chuoni anayejifunza juzuu yake.

Programu ya kutafuta maji ilikuja kwa treni ya Jumatatu kutoka Dar es Salaam: kadi mia sita na kitu za karatasi ngumu, zimetobolewa matundu, maneno yake yamechapwa ukingoni, zimefungwa sandukuni. Siku hiyo hiyo ikanyesha mvua moja ya kuzugia, ile inayonyesha saa moja kisha jua linarudi mwezi mzima. Sanduku lilikuwa nje, juu ya mkokoteni.

Kadi iliyolowa huvimba, na mashine huitafuna. Kwa hiyo Jumanne Lukumani alizileta nyumbani. Kwanza alipiga mstari wa penseli wa mshazari juu ya kichwa cha bunda zima, kona hadi kona, ili zikichanganyika mstari ule umwonyeshe mpangilio. Kisha Batuli na mama yake wakazitandaza uani juu ya mikeka, moja moja, kama watu wanaoanika michembe ya viazi. Bi Mwanamkuu akawekwa na fimbo kufukuza kuku. Saa tisa ukapita upepo mmoja mkali. Wakaziokota, Lukumani akazipanga hadi mstari wa penseli ukanyooka, akamshukuru Mungu.

*

Jumatano mchana mkuu wa ofisi, Bwana Silasi, alisimama mbele ya mashine mikono nyuma.

"Lukumani, imekula umeme wa zahanati tatu. Imetapika nini?"

"Makosa, bwana."

"Mangapi?"

"Mia mbili na kumi na mawili."

Flavia, mpiga chapa, aliinamisha uso kwenye taipureta yake.

"Mia mbili," Bwana Silasi alisema polepole. "Mimi nimesahihisha madaftari ya darasa la kwanza miaka sita. Sijapata kuona. Ibandikeni hiyo ubaoni, watu waone umeme wao unakokwenda."

Karatasi ikabandikwa. Ilikuwa ndefu, ikashuka ubaoni, ikafika sakafuni, ikatambaa ukumbini hadi mlango wa nje, na hadi jioni tarishi alikuwa ameifutia miguu mara mbili. Lukumani aliikunja. Bwana Silasi akamwambia kwamba Ijumaa alasiri, majibu yakikosekana, atawaelekeza wachimbaji pale karibu na ofisi ya kijiji, maana pale pana uwanja na lori halitazama.

"Pale ni mwamba, bwana," alisema Lukumani.

"Nani kasema? Mashine?"

"Wenyeji."

"Wenyeji hawana muhuri."

Sasa nieleze shida, maana wengi wameisimulia vibaya. Ndani ya mashine kulikuwa na kitu kiitwacho kompaila. Mchukulie kama mkalimani: wewe unaandika kwa lugha ya watu wa hesabu, yeye anaigeuza kuwa lugha ya mashine. Asipoelewa, hafanyi kazi, anaandika lawama. Programu ile iliandikwa kwa mashine mpya, ya mkalimani kijana. Yeye ukimwambia, "Kama kina kimezidi kumi, fanya hivi," anafanya. Mkalimani wetu alikuwa mzee. Hakuijua "kama" ya namna hiyo. Aliijua njia panda ya vijia vitatu tu: hesabu ikitoka chini ya sufuri, pita kushoto; ikiwa sufuri, nyoosha; ikizidi, kulia. Kila "kama" ya Dar es Salaam ilibidi ivunjwe iwe njia panda ya Tabora.

Lukumani alikuwa na tabia moja iliyomfaa. Kitu kikiharibika hakasiriki, anakiinamia. Alizivunja "kama" zote arobaini na moja, akatoboa kadi mpya, na kila aliyoikosea akaipiga msalaba wa kalamu nyekundu na kuitupa kikapuni. Makosa yakashuka hadi mia na thelathini. Akarekebisha lingine dogo, yakapanda hadi mia mbili na arobaini. Flavia akasema, "Kaka Lukumani, sasa unayafuga?" Yeye akacheka, akataka kujua kwa nini yamepanda. Alhamisi alasiri yalikuwa sitini na moja, na hapo yakagoma. Arekebishe nini, asirekebishe nini, sitini na moja.

*

Alirudi nyumbani na karatasi na bunda la kadi, akaitandaza ukumbini baada ya sala ya alasiri, akapiga magoti juu yake na penseli sikioni. Kikapu cha kadi zake mbovu kilikuwa kwenye kona ya ukumbi tangu jana. Alikileta ili Batuli awashie jiko.

Mjue kwamba Bi Mwanamkuu na mkwewe hawakuwa wakisemeshana uso kwa uso. Ndiyo heshima. Mama mkwe hatazamani na mume wa bintiye, wala hali naye sinia moja. Kati ya ukumbi na chumba cha uani Batuli alitundika pazia la kanga, na maneno yote yalipitia kwake.

"Batuli," sauti ilitoka nyuma ya pazia, "muulize mwenye nyumba, karatasi ndefu hiyo ni sanda ya nani?"

"Mwambie ni yangu," alisema Lukumani, "ikifika Jumamosi."

"Anasema ni ya kazi, mama."

"Nimesikia alivyosema. Macho ndiyo yanauma, masikio mazima."

Batuli alikuwa ameketi kwenye cherehani, Tatu mgongoni. Aliiangalia karatasi kwa pembeni. "Baba Tatu, unaanzia wapi kusoma hayo?"

"Popote penye rahisi."

"Mimi shingo ya gauni ikienda kombo, bega linakwenda kombo, mkono unakwenda kombo, na mteja anaona mkono. Nikifumua mkono sijafanya kitu. La kwanza ni lipi?"

Lukumani akasogea hadi mwanzo wa karatasi. Kosa la kwanza lilisema: VINA HAJULIKANI. Akashuka. La pili, VINA. La tatu, VINA. Kisha UMEME HAJULIKANI, kisha TABAKA HAJULIKANI, kisha VINA tena. Yote sitini na moja yalikuwa ya hao watatu, na alikuwa ameyatibu moja moja siku nzima.

"Kosa la kwanza lina watoto," alisema taratibu.

"Muulize," ikasema sauti ya pazia, "huyo mkalimani wake analalamika nini?"

"Mwambie anasema hamjui VINA."

"VINA ni binti wa nani?"

"Si mtu, mama," alisema Batuli, ambaye kwa wiki ile alikuwa ameshasikia mengi. "Ni jedwali. Kama rafu ya vyombo, kila nafasi inakaa namba moja."

"Na nani alimtambulisha?"

Mguu wa Batuli ukasimama kwenye pedali.

"Nauliza," iliendelea sauti. "Mimi niko nyumba hii wiki ya tatu. Mwenye nyumba hanisemeshi, simsemeshi, na hakuna aliyekosa. Lakini siku ya posa tulitambulishwa mbele ya watu: huyu ni fulani, ana watoto kadhaa, anakaa mahali fulani. Ningeingia humu sijatambulishwa, si angeniitia mwizi? Huyo mkalimani ana kosa gani?"

Lukumani alisimama, penseli ikamdondoka. Alilifuata bunda la kadi mezani, akaitoa ya kwanza, ile ya jina la programu, akaitoa ya pili. Ya pili ilikuwa tayari inapiga hesabu. Hapakuwa na utambulisho. Kwa kawaida huwapo: kadi moja mwanzoni inayosema majedwali ni yapi na kila moja lina nafasi ngapi. Mstari wa penseli ulikuwa umenyooka vizuri kabisa juu ya bunda, kwa sababu mstari hukuonyesha kadi iliyokaa vibaya; kadi isiyokuwepo haukuonyeshi.

"Imepotea hapa nyumbani," alisema. "Jumanne."

Kadi yenyewe haikuwa na maneno mengi: majina hayo matatu ya majedwali, kila moja na nafasi zake arobaini na nane, basi.

Waligeuza mikeka, banda la kuku, kikapu cha vitambaa. Batuli alitazama chini ya magunia ya mkaa. Hata jirani yao mmoja mwema alikuja kusaidia kutafuta, akatafuta kwa bidii kuliko wote.

Pazia la kanga likatikisika. Kisha: "Batuli. Mwambie ni mimi."

"Mama?"

"Siku hizi mbili tatu niliokota kadi moja nikaikunja, nikatia ugoro. Nilidhani ziko nyingi. Sasa sijui niliidondosha wapi, labda bombani."

Batuli hakujua atafsiri nini. Lukumani alikuwa ameshasikia, na ilimbidi angoje kuambiwa kama mtu asiyesikia. Alipoambiwa, akasema tu, "Mwambie haidhuru."

Lakini ilidhuru. Mama mkwe akimkosea mkwewe haombi radhi kwa mdomo. Bi Mwanamkuu alikuwa amekuja na kuku mmoja kutoka kijijini, mtetea wa madoadoa, karibu kutaga. Hicho ndicho alichokuwa nacho mjini. Alifanya kama wenyewe wafanyavyo: alimfunga miguu, akamtuma Batuli amweke kizingitini kwa mume wake. Lukumani asingeweza kumrudisha, maana kurudisha ni kukataa radhi. Akachinjwa Ijumaa. Mtoa kuku wa radhi hamli, kwa hiyo Bi Mwanamkuu alikula ugali na mlenda peke yake uani, akisikia masufuria. Jirani mwema alipelekewa paja.

*

Ijumaa asubuhi, kabla ya paja, Lukumani alikabili swali la mwisho. Majina ya majedwali alikuwa nayo. Nafasi hakuwa nazo. Akiandika nyingi mno, kumbukumbu ya mashine haitoshi. Akiandika chache, namba zitamwagika na kukalia za wenzake, na mashine itatoa jibu la uongo kwa uso mkavu. Dar es Salaam haikupatikana kwa simu.

Basi akarudi kwenye madaftari ya wapimaji, akahesabu. Sehemu yenye vipimo vingi kuliko zote ilikuwa navyo thelathini na tisa. Akatoboa kadi yake mwenyewe: arobaini, arobaini, arobaini. Akaiweka ya pili katika bunda, akabonyeza.

Mashine ikasoma kadi, ikanguruma, ikanyamaza. Muda wa mtu kunywa chai ukapita. Flavia aliacha kupiga chapa. Bwana Silasi alitokea mlangoni na saa yake mkononi.

Ikatoka karatasi fupi kama kiganja. Flavia ndiye aliyekuwa karibu.

"Imeandika makosa sufuri," alisema. "Kaka Lukumani, umeyauza yote?"

Saa tisa yakatoka majibu. Karibu na ofisi ya kijiji, mwamba mkavu tangu mita nne. Sehemu ya tatu, chumvi. Sehemu ya pili, nyuma ya kichuguu kikubwa, maji kati ya mita thelathini na mbili na thelathini na nane. Bwana Silasi alisoma mara mbili, akauliza kama lori litafika pale kwenye kichuguu. Akaambiwa litafika. Akapiga muhuri.

Jumatatu, maana mtambo ulicheleweshwa siku mbili kwa muhuri huohuo, maji yakatoka mita thelathini na tano. Nimeambiwa yaliruka juu kupita bendera. Hilo naliacha kama nilivyoambiwa.

Bi Mwanamkuu alirudi kijijini kwake, na habari ilimtangulia, kwa sababu Tabora habari husafiri kwa treni ya haraka. Wanawake walimpokea kisimani kwa vigelegele na utani: huyu ndiye mama aliyetaka kutunyima maji kwa chembe ya ugoro. Wakamwita Bi Ugoro. Alicheka nao. Aliitwa hivyo hadi siku ya kuzikwa, na wapo walioshangaa kusikia kumbe alikuwa na jina jingine.

*

Nilipomaliza kuandika hadi hapo nikampelekea Bi Batuli, maana Lukumani alishatangulia mbele za haki na mwenye kisa sasa ni yeye. Nilimsomea barazani kwake. Bado anashona. Alinisikiliza hadi mwisho, uzi mdomoni.

"Umeandika vizuri, Bwana Twalibu," alisema. "Rudia pale kadi inapopotea."

"Wapi?"

"Pale haina maneno mengi."

Nikarudia. Majina matatu, nafasi arobaini na nane.

"Mume wangu aliandika ngapi?"

"Arobaini. Nimeandika hapo chini."

"Na hiyo nane umeitoa wapi?"

Nikasema ni namna ya kuandika tu, mwandishi huongeza chumvi.

"Chumvi ya nane kamili," alisema. "Mwezi mmoja baada ya kisima ilikuja barua ya Dar es Salaam. Walimwandikia baba Tatu kwamba kadi yao ilikuwa na nafasi arobaini na nane. Alinisomea mimi, chumbani, akaifungia sandukuni, na ufunguo ni huu." Akauinua kutoka shingoni. "Hakuna mwingine aliyeijua namba hiyo, ila aliyeisoma kadi yenyewe."

Abiria asiye na tiketi huanza kwa kupapasa mifuko. Nilijikuta napapasa.

"Na nikwambie lingine," aliendelea, akikata uzi. "Mama alipofariki nilifungua ukingo wa kikapu chake. Nikaikuta kadi yake ya ugoro. Ina msalaba mwekundu. Mama yangu aliokota kadi mbovu, kikapuni, siku nyingine kabisa. Macho yake hayakuuona wino. Miaka kumi na saba najua hakukosa. Nikasema, nitangoja. Aliyeichukua kama ni mtu wa kunyamaza, sitampata. Kama ni mtu wa maneno, ipo siku atasema moja la ziada."

Nikavua kofia. Ni ile ya kituoni, yenye ukingo mgumu. Nilikuwa nimeitia ile kadi ndani ya bitana ili kofia isimame. Niliichomoa na kuiweka kwenye meza ya cherehani.

"Upepo uliileta juu ya ua," nilisema. "Bi Batuli, ilikuwa na matundu. Kwangu mimi kitu chenye tundu ni tiketi iliyomaliza safari, na tiketi iliyomaliza safari hairudishwi kwa abiria. Mkono wangu uliipokea kabla ya kichwa. Mlipoanza kutafuta ndipo nikajua, na nikaja kuwasaidia nikitafuta pa kuidondosha. Kisha mama akasema ni yeye. Nikaona limekwisha."

"Ukala paja."

"Nikala paja."

"Lilikuwaje?"

"Tamu," nilisema. Nilikuwa nimeapa.

Hakucheka mara moja. Aliichukua ile kadi, akaitazama kwenye jua, matundu yakamwaga nukta za mwanga kwenye gauni la mteja. Kisha akasema mama yake hakuwa wa kuombwa radhi barazani Ng'ambo. Radhi inawekwa kizingitini kwa aliyekosewa, tena inapelekwa na mkosaji mwenyewe, na mkosaji hamli.

Kwa hiyo Jumanne iliyopita nilipanda treni kwenda Goweko na mtetea wa madoadoa kwapani, karibu kutaga. Mlangoni kijana wa tiketi akataka kujua kuku ana safari gani. Nikamweleza, hakuniamini hata neno. Nilitembea hadi kichuguuni. Kisima kipo, pampu imebadilishwa mara tatu. Palikuwa na wanawake kumi na moja kwenye foleni na wajukuu wawili wa Bi Mwanamkuu. Nilimweka kuku chini mbele ya ndoo zao, nikasema nilichokuja kusema, kwa sauti, tangu upepo hadi paja.

Walinisikiliza bila kukatiza. Kisha mmoja, mzee kama mimi, akauliza kama basi jina la marehemu sasa lirudi kuwa Mwanamkuu. Wakakubaliana lirudi. Akauliza, na hili la Ugoro tulifanyeje, maana tumelizoea, si vizuri kulitupa.

Mkifika Goweko msiulize Bwana Twalibu, hawamjui. Ulizeni Mzee Ugoro. Sijapata kunusa ugoro maishani mwangu, na hilo naapa mara ya pili.